Kuosha Vyombo: Tuchague Nini?

Miezi michache iliyopita mzee mmoja wa hapa Ilagala, aliyefanikiwa katika biashara ya mawese, alinijia nyumbani jioni akiwa na karatasi ya rangi aliyoikunja vizuri mfukoni. Mzee huyu amekwisha kujenga nyumba ya matofali na kuingiza umeme, na mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa amemshauri amnunulie mama mashine ya kuoshea vyombo. Karatasi ilionyesha mashine tatu, kila moja na bei yake. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe mtu wa sayansi. Nichukue ipi?"

Jioni ile sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie ile karatasi, na kesho yake niliionyesha katika chumba cha walimu. Wenzangu walicheka sana. Mmoja alisema mashine za namna hiyo ni za Wazungu. Mwingine akasema kuosha vyombo si kazi ya kutafutiwa mashine hata kidogo. Mimi sikuona cha kuchekesha, na makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kicheko kile. Mtu anayeuliza achague mashine ipi ya kusagia muhogo hachekwi. Kwa nini achekwe anayeuliza habari ya kazi inayofanywa mara mbili au tatu kila siku katika kila nyumba ya nchi hii?

Kabla ya kuchagua chombo cha kufanyia kazi, hatuna budi kuijua kazi yenyewe. Tuchukue sahani na sufuria za mlo wa kawaida wa kwetu: ugali wa muhogo, na migebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese. Juu ya vyombo hivyo pana uchafu wa aina nne. Kuna wanga wa ugali, hasa ukoko ulioshika sufuriani. Kuna protini ya samaki. Kuna mafuta. Na kuna vijidudu, ambavyo havionekani, navyo ndivyo hasa vinavyotufanya tuoshe vyombo badala ya kuvifuta tu kwa jani.

Kila aina ina dawa yake, na dawa ya moja yaweza kuwa kikwazo kwa nyingine. Protini ya samaki ikikutana na maji yanayokaribia kuchemka huganda na kushika kama ute wa yai sufuriani. Kwa hiyo maji ya kwanza yafaa yawe ya baridi. Ukoko nao hautaki nguvu, bali muda: ukilowekwa nusu saa katika maji baridi hulegea wenyewe. Mawese ni kinyume kabisa. Karibu nusu ya asidi zake ni za namna ambayo wanakemia huiita asidi shibe, na kwa sababu hiyo mawese huyeyuka kwenye joto la nyuzi 35 hivi za Sentigredi. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana joto la nyuzi 25 hadi 27. Anayeosha sahani ya mawese kwa maji ya ziwa, basi, anajaribu kuondoa kitu kilichoganda kwa maji ambayo hayawezi kukiyeyusha. Akisugua kwa mchanga, mafuta husogea tu kutoka upande huu kwenda upande ule. Sisi sote tuliokulia pwani hii twaijua sahani ile ambayo imeoshwa, na bado kidole huteleza juu yake.

Sabuni husaidia, kwa kuwa molekuli yake ina ncha mbili: moja hushika mafuta na nyingine hushika maji. Lakini maji ya ziwa letu ni magumu. Yana pH ipatayo 9, na magnesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake, nyingi kuliko kalsi. Magnesi na kalsi hizo huungana na sabuni ya mche kuwa utando mweupe usiotoa povu wala kuosha. Sehemu ya sabuni yetu, ambayo aghalabu imetengenezwa kwa mawese hayo hayo na magadi makali, hupotea kwa njia hiyo kabla haijagusa sahani. Ningependa kila mwalimu wa kemia wa mkoa huu aache kufundisha ugumu wa maji kwa mfano wa birika la Ulaya, na badala yake alete darasani chupa mbili, moja ya maji ya mvua na moja ya maji ya ziwa, pamoja na kipande cha sabuni.

Sasa tuirudie mashine. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa kazi ilibuniwa na mama mmoja wa Shelbyville, katika jimbo la Illinois, Marekani, jina lake Josephine Cochrane, aliyepata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886. Wengine kabla yake walikuwa wamejaribu kusugua vyombo kwa brashi za kuzungushwa. Yeye alivipanga vyombo katika vizimba vya waya vilivyopimwa kwa ukubwa wa sahani na vikombe, kisha akavirushia maji ya moto yenye sabuni kwa nguvu ya pampu. Mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makuu ya Chicago. Ila waliozinunua hawakuwa akina mama wa nyumbani. Walikuwa wenye mahoteli na migahawa, maana nyumba nyingi za Marekani wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuilisha mashine hiyo. Jambo hili nataka msomaji alikumbuke: hata huko ilikozaliwa, mashine ilingoja bomba na joto vifike nyumbani kwanza.

Mashine za leo hufuata kanuni ile ile. Huanza na maji baridi ili kulegeza wanga na protini, kisha huyapasha maji hadi nyuzi 50 au 60, na zaidi kwa programu ya vyombo vichafu sana. Dawa yake ina magadi na vimeng'enya, kimoja cha kukata protini na kingine cha kukata wanga. Mwishoni vyombo hukauka kwa joto lake vyenyewe, bila kuguswa na kitambaa. Ndani yake mna pia chujio la kulainisha maji, lenye chembe zinazoshika kalsi na magnesi na kutoa sodiamu badala yake. Chembe hizo zikichoka husafishwa kwa chumvi. Nilipomweleza mzee habari hiyo alifurahi sana, kwa kuwa wilaya yetu ni Uvinza, na Uvinza watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Ilinibidi nimwambie kwamba mashine hutaka chumvi safi ya chenga kubwa, isiyochanganywa na kitu, si ya mezani.

Mahitaji mengine hayana furaha hiyo. Mashine hutaka maji yanayoingia yenyewe kwa kanieneo ya nguzo ya maji ya mita tatu hadi tano, kwa hiyo pipa lililowekwa juu ya matofali mawili halitaiendesha. Hutaka dawa yake maalumu. Ukitia sabuni ya povu, povu litajaa na kumwagika sakafuni. Hutaka umeme usiopanda na kushuka, na fundi anayeijua. Umeme wenyewe si mwingi kama watu wanavyodhani. Mwanafunzi aweza kupiga hesabu: kupasha lita 10 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kwahitaji kilojuli 4.2 mara 10 mara 35, yaani kilojuli 1,470, ambazo ni kama uniti 0.4. Ukiongeza joto linalokwenda kwenye vyombo na kwenye bati la mashine, na kazi ya pampu, jumla yakaribia uniti moja kwa kila muosho.

Wauzaji husema mashine huokoa maji, na wanasema kweli, lakini ni kweli ya mahali fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vichafu vya watu 12 ili waoshe kwa mikono. Kwa wastani walitumia lita 103, hali mashine ilitumia 15 hivi. Lakini wale walisimama mbele ya bomba lililo wazi. Aliyejitwisha ndoo ya lita 20 kutoka mtoni hamwagi lita 103. Huosha kwa beseni moja na kusuuza kwa jingine. Shida yake si kwamba anamwaga maji mengi, bali kwamba ana machache mno, na maji ya kusuuza sahani ya kwanza ndiyo hayo hayo ya kusuuza sahani ya ishirini.

Kwa sababu hiyo wengi huona afadhali kuvipeleka vyombo kwenye maji kuliko kuyaleta maji kwenye vyombo. Ilagala iko karibu na mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake ziwani, na kila asubuhi utawaona watoto wakiteremka na masufuria vichwani. Mahali wanapooshea vyombo ndipo wengine wanapoogea, ndipo wanapofulia, na mvua ikinyesha ndipo uchafu wote wa mitaa unapoishia. Mtoni kuna mamba. Penye majani na maji yaliyotulia pana konokono wabebao kichocho, na mtoto anayesimama majini hadi magotini akisugua sufuria huwapa vijidudu vya kichocho muda wote vinaohitaji kupenya ngozi yake.

Juu ya hayo yote kuna kipindupindu. Mwaka 1992 ugonjwa huo ulipoenea Rumonge, ng'ambo ya Burundi, wachunguzi waliona kwamba waliokunywa maji ya ziwa na waliooga ndani yake walikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliposongamana kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, kaskazini ya mji wa Kigoma, zaidi ya watu 3,000 waliugua na watu wapatao 30 walifariki katika muda wa majuma machache. Bakteria wa kipindupindu hachukizwi na maji yenye magadi. Wataalamu wa maabara wanapotaka kumwotesha humpa kimiminika chenye pH ya 8.5 hivi. Ila ana udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba hastahimili ukavu. Sahani iliyokauka kabisa kwa jua si makao yake.

Hapa ndipo ninapofikia rai yangu. Yale mambo manne yafanyayo mashine kuwa bora, yaani kuloweka kwa maji baridi, kuosha kwa maji ya moto yenye sabuni, kusuuza kwa maji yasiyorudiwa, na kukausha bila kitambaa, hakuna hata moja linalohitaji mashine. Kukausha kwahitaji kichanja. Mabwana na mabibi afya wamekihimiza kichanja kwa miaka mingi, na wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili maradhi ya maji, kichocho na mengineyo. Lakini wengi wetu tumekichukulia kichanja kama pambo la siku ya ukaguzi. Nimeona nyumba zenye kichanja kizuri cha miti kilicholaliwa na kuku, huku vyombo vikifutwa kwa kitambaa kilichofuta meza, mikono na pua ya mtoto. Kitambaa kibichi cha namna hiyo huwarudishia vyombo vijidudu vilivyokwisha kuondolewa.

Kuhusu joto, najua kuni ni ghali na miti inakwisha. Kupasha lita 10 zile kwa mafiga matatu, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya joto, huchukua kama robo tatu ya kilo ya kuni. Lakini haihitajiki nyuzi 60 kuyashinda mawese. Nyuzi 45 zatosha kuyayeyusha. Dumu lililopakwa masizi au rangi nyeusi na kuachwa juani tangu asubuhi huwa na maji ya moto wa kutosha ifikapo alasiri. Siku za mawingu, birika moja la maji yaliyochemka likichanganywa na beseni la maji ya kawaida lafanya kazi hiyo. Na maji ya mvua kutoka bati la nyumba, ambayo ni laini, yatumiwe kuoshea kwa sabuni badala ya kuachwa yachimbe mifereji uani.

Nimebakiza jambo ambalo ni gumu kwangu kulisema. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyofundisha wakati huo, alikuwako msichana wa kidato cha pili aliyechelewa kipindi cha kwanza mara tatu au nne kila juma. Kipindi hicho kilikuwa changu. Nilikuwa nikimsimamisha nje ya mlango. Siku moja nilikuwa nafundisha kuzaana kwa bakteria: ikiwa mmoja hugawanyika kila nusu saa, na chakula kipo, baada ya saa kumi watakuwa 1,048,576. Somo lilipokwisha nilimwuliza kwa ukali alikuwa wapi. Akasema alikuwa mtoni akiosha vyombo vya jana. Nyumbani kwao hula usiku, taa ni moja, na hakuna anayeteremka mtoni gizani. Kwa hiyo vyombo hulala na uchafu wake tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi kamili. Hesabu niliyoiandika ubaoni yeye alikuwa ameibeba kichwani katika sufuria, na mimi nilikuwa nimemfungia nje asiisikie. Nilimwuliza kama ana ndugu wa kiume. Alikuwa nao watatu, na wote waliwahi shuleni.

Kwa hiyo ninaposikia ikisemwa kwamba kuosha vyombo si kazi ya kutafutiwa mashine, naelewa kwamba msemaji anayo mashine tayari. Ni ya miaka kumi na minne, haiombi umeme wala chumvi, na gharama yake haiandikwi popote, isipokuwa katika daftari la mahudhurio na katika matokeo ya mtihani. Nawaomba walimu wenzangu walichunguze daftari hilo kwa jicho la mtafiti. Waulizeni wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wanatumia dakika ngapi kwa siku kuchota maji na kuosha vyombo. Wajumlishe kwa juma, kwa muhula, kisha wachore grafu wenyewe. Hicho ni kipimo kisichohitaji maabara, na nadhani grafu hiyo itazua mabishano darasani kuliko nyingine yoyote ya mwaka huo.

Wala sisemi mashine haifai. Mahali vyombo vinapooshwa kwa mamia, kama hospitali, hoteli au shule ya bweni yenye maji ya bomba, ningeitetea mbele ya bodi yoyote, kama walivyoinunua kwanza wenye mahoteli wa Chicago. Nyumbani nako itafika, na siku ikifika tusiione aibu. Ninachopinga ni kuinunua kabla ya yale inayoyategemea, au kungoja ije huku yale tunayoyaweza leo hatuyafanyi.

Mzee aliporudi kuchukua karatasi yake nilimweleza haya yote. Nilimwambia fedha za mashine zatosha kununua tangi la maji, kuliinua juu ya mnara wa mita tano, kuweka mifereji ya bati, kujenga karo uani lenye shimo la kunyonya maji machafu, na kusimika kichanja. Na kwamba mnara ukiwa tayari, mashine itakuwa na pa kunywea maji ikija. "Kwa hiyo nisinunue?" akauliza. Nikamjibu anunue, ila iwe ya mwisho katika orodha. Kisha nikamwuliza kama mama mwenyewe ameulizwa. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema hapana, walitaka kumshtukiza.

Inaonekana alikwenda kumwuliza. Juma lililofuata aliniambia kwamba mama alikuwa na ombi moja tu, nalo halikuwamo katika karatasi: asiteremke tena mtoni. Mnara umekwisha kusimama, nami nilikwenda kuutazama Jumamosi iliyopita. Kichanja kimewekwa upande wa mashariki wa nyumba, mahali jua la asubuhi linapopiga mapema, na kimezungushiwa waya kwa ajili ya kuku. Kwenye karo alikuwako mtoto wao wa kiume wa kidato cha tatu, amekunja mikono ya shati, akikwangua ukoko. Aliponiona akaiweka sufuria chini haraka na kujifanya ananawa.